Fundi Dismasi na Kisu Cheusi

Ukimpelekea Dismasi kisu butu, jiandae kuulizwa maswali kuliko mtu aliyekwenda kuposa. Kimetoka wapi? Cha nani? Umekipata lini? Mbona mpini umelegea upande mmoja? Watu wa Ujiji wamemzoea, kwa hiyo wanajibu huku wanacheka, wanaacha kisu na kwenda zao sokoni. Wakirudi wanakuta kisu kinanyoa vinyweleo vya mkono. Ndiyo maana wanamvumilia. Anayeijua kazi husamehewa ulimi, na Dismasi anaijua kazi yake huu mwaka wa thelathini na tano.

Hakuzaliwa hivyo. Mkewe Verediana, anayepika sabuni ya mawese uani na kuiendesha nyumba kwa sauti, husema kijana aliyemwoa alikuwa mcheshi na mwepesi wa kuamini, hata aliwahi kumwazima baiskeli mtu asiyemjua jina. Kilichombadilisha ni mapanga mawili. Miaka minane iliyopita alikuja mtu mmoja mwenye adabu nyingi, akataka alama zilizochongwa kwenye mapanga hayo zisuguliwe zipotee na mabapa yang'arishwe upya. Dismasi akafanya kazi safi, kama kawaida yake. Kumbe mapanga yalikuwa ya wizi. Mwenye adabu akatokomea, akabaki fundi na vumbi la msasa vidoleni. Siku mbili alilala mahabusu, na mwezi mzima majirani walimsalimia kwa mbali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini Dismasi alizidisha. Yeye alishtuka hata akiona kamba ya kiatu.

Ufundi wenyewe aliupata milimani Kalinzi, kwa mhunzi aliyeitwa Nikodemu, mtu wa miiko mingi na maneno machache. Kisu kilicho chini hakirukwi. Kisu hakinyooshwi ncha kumwelekea mtu unayemwita. Na kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Anayetoa anakiweka chini, anayepokea anakiokota, maana ukikipokeza mkononi umepokeza ugomvi. Hiyo Dismasi aliishika. Mingine ilimponyoka mmoja mmoja, kwa sababu mjini watu wana haraka na hakuna anayeuliza habari za miiko.

Jumatatu moja ya kiangazi, jua likiwa halijapanda, alifika kibandani binti wa miaka ishirini na kidogo, kitenge kimefungwa barabara, mkononi kashika kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Shikamoo, Mzee."

Dismasi hakuitikia. Macho yake yalishakwenda kwenye kanga. Binti akakiweka kile kitu juu ya gogo la kazi, akarudi nyuma hatua moja, kama inavyotakiwa. Dismasi akafungua. Kisu kirefu cha kupasulia samaki, cheusi tii kuanzia ncha mpaka shingoni, na mpini wake umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka hauonekani ni wa mti gani.

"Kimetoka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kilikuwa Ilagala, Mzee, kwa shangazi. Mimi naitwa Joanitha. Niko soko la samaki Kibirizi, nakata migebuka. Wiki iliyopita Mama Wema kanipa nafasi mezani, na mpaka sasa nakata kwa kisu cha kuazima." Alisema haraka, kama mtu aliyejifunza maneno njiani. "Nataka ukitoe huu weusi wote, ukisugue, ukifanye kisu cha kazi. Weusi unabanduka. Siwezi kumpa mteja samaki mwenye rangi."

Sababu ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyomtia Dismasi wasiwasi. Mwenye mapanga naye alikuwa na sababu nzuri.

"Nani alikipaka?"

Joanitha akatazama chini, akakunja pindo la kitenge. "Siruhusiwi kukuambia, Mzee. Ukishakivua utajua mwenyewe."

"Huruhusiwi na nani?"

"Kivue kwanza. Nitakuja Ijumaa." Akaaga kwa heshima na kuondoka, na Dismasi akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Sasa, hapa nisimwonee mzee wa watu. Palikuwa na jambo. Miezi miwili nyuma, Feliksi, mwenye mitumbwi pale Kibirizi, alipoteza kisu alicholetewa kutoka Bujumbura, kisu cha kiwandani chenye bapa jeusi. Alikipenda kisu kile kuliko baadhi ya ndugu zake. Alizunguka kwa kila mnoaji, Kigoma mjini mpaka Ujiji, akiacha namba ya simu na neno moja: mtu akileta kisu cheusi, nipigieni. Na visu vyeusi mwambao ule si vya kuokota. Visu vya Kibirizi ni vyeupe, vingine vina kutu, basi.

Dismasi akakigeuza kisu kwenye mwanga. Jicho la fundi likamwambia kwamba weusi wa kiwandani haubanduki magamba namna ile, na kwamba hii ilikuwa rangi ya boti, tena imepakwa kwa brashi, michirizi yake inaonekana. Lakini jicho la mahabusu nalo lilikuwa na la kusema: wamepaka rangi juu ya weusi wa kiwandani ili kuuficha, na mpira wa mpinini ni wa kuficha vilevile. Akalisikiliza jicho la pili. Siku hizo ndilo alilokuwa akilisikiliza kila siku.

Verediana alitoka uani na mwiko wake wa sabuni. "Baba Esther, mbona mtoto wa watu kakusalimia hukuitika?"

"Huyo mtoto wa watu kaleta kisu cha wizi."

"Kakwambia nani?"

"Anataka kitolewe rangi. Hataki kusema kakipaka nani."

"Mwizi akuletee kisu mchana kweupe, akutajie jina lake, na mahali anapofanya kazi, na jina la bosi wake?"

"Huo ndio ujanja wenyewe."

"Basi na mimi ni mwizi," Verediana akasema. "Nimekutajia jina langu miaka thelathini." Akarudi kwenye sabuni yake.

Dismasi akampigia Feliksi simu. Alipokata alijisikia vizuri, nisiseme uongo. Safari hii hakudanganywa. Safari hii yeye ndiye aliyewahi. Feliksi alimwagiza akitoe rangi kisu kile, maana cha kwake kilikuwa na namba zilizochongwa shingoni, na namba zikionekana kesi imekwisha.

Kama Feliksi angesubiri namba, tusingekuwa na hadithi. Hakusubiri. Jumanne asubuhi, mitumbwi ikiwa imeshusha samaki na akina mama wamepanga migebuka juu ya meza ya saruji, akaenda akasimama mbele ya Joanitha na kumwita mwizi kwa sauti ya kuuzia dagaa. Habari yenyewe Dismasi aliipata kwa simu kutoka kwa Feliksi mwenyewe, akihema kwa furaha.

"Nimemkomesha! Mama Wema kamtoa mezani pale pale. Kasema mezani hawakai na mtu mwenye neno. Mpaka neno liishe, na likikaa mpaka Jumapili, nafasi anapewa mwingine. Wanaoingoja ni wengi."

"Na yeye alisemaje?"

"Hakusema kitu! Akina mama wanamwuliza, kisu ni cha nani, taja, eti hawezi kumtaja mwenyewe mpaka kisu kivuliwe. Umewahi kusikia kichaa hicho? Lisemwalo lipo, Mzee. Lipo."

Dismasi akaiweka simu mfukoni. Neno lile, kivuliwe, alilisikia Jumatatu na likapita. Leo, likitoka kwenye mdomo wa Feliksi, lilikwama sikioni na halikutoka. Chakula cha mchana hakukimaliza. Verediana aliona, akanyamaza, na Verediana akinyamaza ujue jambo ni zito.

Jumatano asubuhi akaanza kazi.

Alianza na mpira wa mpinini. Aliukata kwa wembe, akaukunjua polepole, akitegemea kukuta plastiki ya kiwandani. Akakuta mninga. Mpini wa mninga wa zamani, umelainishwa na mikono, na upande mmoja umelika pale dole gumba linapokaa. Akaujaribu kwa mkono wa kulia, haukukaa. Akauhamishia kushoto, ukakaa wenyewe. Mti hauliki namna hiyo kwa miezi miwili. Hauliki kwa miaka miwili. Dismasi akaugeuzageuza mpini ule mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alianza kuogopa kwamba amekosea. Hata hivyo hakutaka kuamini haraka. Mpini hubadilishwa, akajiambia. Mwizi mjanja anaweza kutia mpini wa zamani.

Akaenda uani, akamwomba mkewe kostiki ya sabuni. Wengine hutoa rangi kwa dawa za dukani, wengine huchoma kwa moto na kuharibu chuma. Dismasi hutumia kostiki, kwa sababu hula rangi na mafuta na kukiacha chuma kama kilivyo. Alivaa glavu, maana hula na ngozi pia, akaikoroga na maji kwenye ndoo ya plastiki, akakining'iniza kisu kwa waya, bapa lote ndani na mpini nje. Kisha akakaa juu ya debe, akangoja. Baada ya saa moja rangi ilianza kuvimba, ikatoa malengelenge, ikajikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Akakitoa, akakwangua kwa kibanzi cha mwanzi ili asikwaruze, akarudisha ndani, akangoja tena. Rangi ya boti ikatoka yote. Chini yake hakukuwa na weusi wa kiwandani. Palikuwa na chuma kitupu.

Akakiosha mara tatu. Akachukua msasa mkali kwanza, halafu laini, akasugua kufuata urefu wa kisu, hakuzungusha, maana fundi anayezungusha msasa anaacha kisu na makovu. Alipofika shingoni alikwenda taratibu sana. Namba za Feliksi zingekuwa hapo.

Hazikuwapo. Palikuwa na nukta tatu na mstari chini yake, zimepigwa kwa tindo. Pembeni yake, herufi moja: H.

Nukta tatu na mstari ni alama ya Dismasi.

Alitua msasa. Akainamisha kichwa mpaka Verediana akaja mbio akidhani kostiki imemrukia machoni.

"Ni changu," akasema. "Mama Esther, kisu ni changu. Nilikifua mimi. Nilikipaka mimi."

Sasa yote yalimrudia, na yalikuja kwa mkupuo. Honorata wa Kibirizi, mwanamke wa mkono wa kushoto, aliyekuwa akikata migebuka huku anaimba nyimbo za kwaya na kumwita "fundi wangu" mbele ya watu wote. Miaka kumi na miwili iliyopita aliugua, akafariki, akaacha binti wa darasa la tano. Wifi yake, Domitila wa Ilagala, alikuja na kisu hiki kibandani, analia, hajui akifanyie nini. Na Dismasi, wakati huo akiwa bado mtu wa kuamini, akakumbuka moja ya miiko ya Nikodemu: kisu cha mzazi aliyeacha mtoto mdogo hakigawiwi wala hakitumiki. Hulazwa. Hupakwa weusi bapa lote, mpini hufungwa, kinangoja mpaka mtoto akue na kuishika kazi ile ile. Siku ya kukivua weusi na kukiamsha, mtoto hukirudisha kwa mkono ule ule uliokilaza. Na jina la marehemu halitajwi mpaka chuma kionekane.

Aliyemfundisha Domitila maneno hayo alikuwa nani? Ni yeye Dismasi. "Usitaje jina," alimwambia, akikoroga rangi iliyobaki kwenye boti ya jirani. "Mtoto naye asitaje. Mimi mwenyewe nitakiona." Alifanya hivyo mara moja tu maishani, kisha yakaja mapanga, ikaja mahabusu, na mwiko ukazama pamoja na ucheshi wake. Binti aliushika miaka kumi na miwili. Aliushika hata mbele ya meza nzima ya akina mama wanaomwita mwizi, pale ambapo jina moja tu, Honorata, lingemwokoa. Mwenye mwiko ndiye aliyemchongea.

"Na uso wake," Dismasi akasema. "Ana uso wa mama yake. Hata sikumtazama usoni."

"Ulikuwa unatazama kisu," Verediana akajibu, bila huruma na bila ukali. "Nenda Kibirizi."

"Kikiwa hivi? Kisu kikiamshwa hakitoki nusu."

Basi akakimaliza, na sidhani kama aliwahi kumaliza kisu vile. Alisugua mpaka michirizi ikapotea. Akachemsha kahawa ya Kalinzi mpaka ikawa nzito na chungu, akatia siki kidogo, akalitumbukiza bapa humo, akalitoa, akalifuta, akalirudisha, mchana kutwa. Chuma kikashika rangi ya kijivu iliyotulia, ambayo haibanduki kwa sababu haikupakwa juu, na maji ya ziwa hayaipati kwa urahisi. Akakipaka mawese kidogo. Mwisho akakinoa kwenye jiwe la maji, makali ya mkono wa kushoto. Hakumpigia Feliksi. Simu ilikuwa imeshafanya kazi ya kutosha.

Alhamisi asubuhi alipanda bodaboda mpaka Kibirizi. Akina mama walikuwa mezani. Mama Wema, mwanamke mpana mwenye aproni ya plastiki, alimwona kwa mbali, akamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mzee. Umeleta ushahidi?"

"Nimeleta. Mwite Feliksi. Na binti yuko wapi?"

Joanitha hakuwa mbali. Alikuwa amepata kibarua cha kugeuza dagaa wa watu juani. Alikuja anapangusa mikono, akasimama mahali ambapo hakuna aliyesimama karibu naye. Hakumsalimia Dismasi. Feliksi naye akafika, amejiandaa kufurahi.

Dismasi hakuwa msemaji wa watu. "Hiki kisu si cha Feliksi," akasema. "Hakijawahi kuwa cha Feliksi. Tazameni hapa shingoni. Nukta tatu na mstari ni mimi. Hii H ni Honorata, aliyekuwa akikata hapa, mnaomkumbuka mnamkumbuka. Alipofariki nilikilaza kwa mkono wangu, nikakataza jina lake lisitajwe mpaka nikiamshe. Huyu ni mwanawe. Alininyamazia kwa sababu mimi ndiye niliyesema anyamaze. Nikamwita mwizi. Mwenye kosa ni mimi, asitafutwe mwingine."

Mama mmoja upande wa nyuma akasema, "Yewe! Mtoto wa Honorata?" Mama Wema alikichukua kitambaa cha kufutia meza, akafuta mahali patupu pasipokuwa na uchafu wowote. Alimjua Honorata. Alikata naye bega kwa bega.

"Sasa changu kiko wapi?" Feliksi akauliza.

Akina mama walikuwa wanamtazama Joanitha. Alisimama kidogo, akauliza tena kwa sauti ya chini, kisha akakumbuka kwamba ana mtumbwi wa kuangalia.

"Nafasi yako ipo, mwanangu," Mama Wema akasema. "Pale pale pa mama yako. Njoo."

Dismasi akafungua kanga, akakiweka kisu juu ya saruji, mpini ukimwelekea Joanitha, akarudi nyuma hatua moja. Watu wakangoja akiokote. Joanitha alikitazama, kijivu, kirefu, na machozi yakamjaa, lakini hakukigusa.

"Nipe mkononi," akasema.

"Binti, mkononi ni ugomvi."

"Ugomvi tunao, Mzee. Ulianza uliponyanyua simu. Ukikiweka mezani nikakiokota, tutajifanya haupo, na nitakatia samaki kila siku nikiwa nao moyoni. Nipe mkononi. Ukae kati yangu na wewe, usikae kwenye kisu cha mama."

Dismasi, aliyevunja miiko mingine kwa kusahau, sasa alitakiwa auvunje wa mwisho kwa makusudi. Alikiokota kisu kwa bapa, makali yakiwa kwenye kiganja chake mwenyewe, akakinyoosha. Joanitha akaushika mpini kwa mkono wa kushoto. Ukakaa wenyewe.

Akavuta mgebuka wa kwanza, akampasua kuanzia tumboni mpaka shavuni kwa mkato mmoja. Samaki hakuwa na chembe ya rangi.

"Kikiisha makali uniletee," Dismasi akasema, hana hakika kama ana haki ya kusema hata hilo.

"Nitakuletea." Hakuinua kichwa. "Lakini siku ile nilikusalimia, Mzee. Bado nangoja."

Dismasi alisimama pale na kanga tupu mkononi, mzee wa miaka sitini, katikati ya magamba na maji ya samaki.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Mama aliyesimama meza ya pili, aliyekuwa amefika sasa hivi, akageuka huku na huku kutafuta ni nani aliyemwamkia mzee.